Hata Posa Hujibiwa

Kompyuta iliniambia haioni uso wangu.

Ilikuwa saa nne usiku, Tabata, na umeme ulikuwa umekatika nikiwa kwenye swali la pili la mtihani wa kuomba kazi ya kuandika programu. Betri ilikuwa imejaa, bando nilinunua mapema, maji ya kunywa yako pembeni. Kilichokosekana ni mwanga. Kamera iliyowekwa kuhakikisha siibi majibu ikatafuta sura, ikakuta giza, ikaleta maandishi mekundu: nisipoonekana, mtihani utasitishwa. Nikawasha tochi ya simu, nikaiegemeza kwenye chupa ya maji ili inimulike usoni. Mashine ikaridhika. Sasa ikawa mimi ndiye nisiyeona vizuri.

Feni ilipozima, mwanangu akaamka. Akaja mpaka mlangoni, fulana imelowa jasho. "Mama, joto."

Maandishi mekundu tena: kuna zaidi ya mtu mmoja chumbani.

Nikampungia mkono wa kushoto, chini ya usawa wa kamera, arudi akalale. Mkono wa kulia uliendelea kuandika. Alisimama kidogo, akanitazama jinsi ninavyomfukuza bila kumwangalia, akaondoka.

Mtihani niliumaliza, tena nikafaulu. Kazi sikuipata, na hilo limeshapoa. Lisilopoa ni lile la mlangoni. Limenifuata kwenye daladala, limenifuata jikoni, na kwa kuwa halitaki kuondoka lenyewe, naliandika.

Kampuni siitaji. Ni ya teknolojia ya malipo, ina ofisi Masaki na wakubwa wake wako Ulaya. Walio kwenye sekta hii hapa Dar wataanza kubashiri, na kila mmoja atabashiri kampuni yake, kwa yaliyomkuta.

Mti wa kupindua

Swali la pili lilitaka nipindue mti. Mti wa data, ule ambao kila kifundo kina matawi mawili: la kulia liende kushoto, la kushoto liende kulia.

Swali hili lina historia. Mwaka 2015 Max Howell, aliyetengeneza Homebrew, programu ya kusakinisha programu nyingine, ambayo waandishi wa programu wengi wanaotumia Mac hawawezi kuishi bila hiyo, aliandika Twitter kwamba Google wamemkataa: asilimia 90 ya wahandisi wao wanatumia alichokitengeneza, ila ameshindwa kupindua mti ubaoni, basi kwaheri. Baadaye mwenyewe alisema ujumbe ule haukuwatendea haki Google. Hakuna aliyejali. Sentensi ile ilikuwa imeshawagusa watu wengi mno pale pale panapouma.

Mimi niliupindua. Nilijifunza kuupindua usiku, kwa mazoezi ya mitandaoni, kama tunavyojifunza wote. Na tangu nianze kazi hii sijawahi kupewa na mtu yeyote mti niupindue.

Ninachofanya kazini ni hiki.

Mteja yuko duka la dawa, Manzese. Anabonyeza menyu ya simu, anaweka lipa namba, kiasi, namba ya siri. Mtandao unayumba. Simu inamwambia huduma haipatikani kwa sasa, jaribu tena baadaye. Anajaribu tena hapohapo, na angefanyaje, ana mgonjwa nyumbani. Dakika mbili baadaye taarifa mbili zinafika kwenye seva yetu kutoka kampuni ya simu, zote zikisema pesa imepokelewa. Hapo inawezekana amekatwa mara mbili. Inawezekana pia amekatwa mara moja, ila seva yetu ilichelewa kuitikia ile taarifa ya kwanza, na mfumo wa wenzetu ukadhani haijafika, ukaituma tena.

Kwa macho, hali hizo mbili zinafanana kabisa. Ukikosea upande mmoja, umemdhulumu mwenye duka. Ukikosea upande wa pili, umemdhulumu mwenye mgonjwa. Tunazitofautisha kwa namba ya kumbukumbu: kila ombi linapewa namba yake kabla halijatoka, na kabla ya kugusa hesabu mfumo unauliza kwanza kama namba hiyo ilishapita. Ukieleza ni dakika moja. Kuijenga isiyovuja ni kazi ya miezi, kwa sababu tundu lake halionekani siku za kawaida. Linaonekana mwisho wa mwezi, mishahara imeingia, mitandao imeelemewa na kila mtu anatuma.

Tarehe 15 Julai 2021 tozo ya miamala ya simu ilipoanza, kuanzia shilingi 10 hadi 10,000 kwa muamala kutegemea kiasi, sisi ndio tuliokesha tukipanga upya majedwali ya makato. Septemba mwaka huohuo Serikali ikaipunguza kwa asilimia 30, tukakesha tena. Wananchi walilalamikia tozo, na walikuwa na haki. Mimi nakumbuka zaidi senti: ukikata asilimia 30 kwenye kiasi kidogo unabaki na desimali, na lazima mtu aamue desimali hiyo inaenda kwa nani.

Kampuni ya malipo ilinisaili hatua baada ya hatua na haikuniuliza hata moja kati ya hayo.

Laszlo Bock, aliyekuwa mkuu wa rasilimali watu wa Google, aliliambia gazeti la New York Times mwaka 2013 kwamba yale mafumbo waliyokuwa wakiwatega nayo waombaji hayakuwa na faida. Kazi kubwa ya mafumbo hayo ilikuwa kumfanya msaili ajione ana akili. Wenyewe waliacha. Tuliowaiga ndio tumebaki nayo.

"Haitazidi saa nne"

Baada ya mtihani ikaja kazi ya kufanyia nyumbani. Nitengeneze huduma ndogo inayopokea taarifa za malipo, izilinganishe na taarifa ya benki, ionyeshe zisizokubaliana. Niiweke kwenye seva, iwe hai, niwatumie kiungo. Haitazidi saa nne, waliandika.

Hapa moyo wangu ulifurahi, nisiseme uongo. Hii ndiyo kazi yangu. Nikasema hatimaye wameuliza.

Saa nne zile ni za mtu gani, sijui. Huenda ni za kijana anayeishi peke yake, ana jenereta na anakula hotelini. Mimi nilimpeleka mtoto kwa bibi yake Mbagala Ijumaa jioni na nikamrudia Jumapili usiku. Jumamosi ile mama alikuwa na kikao cha vikoba, akaenda naye mtoto. Kwa hiyo kazi ile ya bure haikuwa ya kwangu peke yangu. Mama naye aliilipia, na hakuna aliyemtumia barua pepe.

Niliijenga kwa heshima zote. Taarifa ikija mara mbili inahesabiwa mara moja. Benki ikichelewa, muamala unasubiri kwenye foleni yake na haupigwi muhuri wa kosa. Nikaandika maelezo kwa Kiingereza safi, nikatuma.

Siku kadhaa baadaye likaja jibu. Wamefurahishwa sana na ubora wa kazi yangu. Nimepita, nijiandae kwa usaili wa ana kwa ana mtandaoni.

Nilifurahi mpaka usiku. Usiku, kwa mazoea tu ya kazi, nikafungua kumbukumbu za seva niangalie walivyoitumia.

Nilikuwepo mimi. Zilikuwepo zile roboti zinazozunguka mtandaoni usiku na mchana zikibisha kwenye kila seva duniani, zikitafuta ukurasa wa kuingilia wa WordPress ambao mimi sinao. Basi.

Hakuna aliyefungua kiungo.

Watu wengi wanaofanya kazi za namna hii huhofia kuibiwa. Nami nilihofia, ilikuwa kazi ya kweli mno, inafanana mno na kitu ambacho kampuni ile ingekihitaji. Sasa nikakaa pale kitandani natamani wangeiiba. Mwizi angalau huangalia anachochukua.

Nikajitetea kwa niaba yao. Labda walisoma msimbo tu, yaani maandishi ya programu, hawakuona haja ya kuiendesha. Inawezekana. Mhandisi mzuri anaweza kusoma na kuelewa. Nikashikilia hilo.

Wale wa Uwanja wa Taifa

Kwa nini sikujitoa pale pale? Nimejiuliza sana.

Jibu la kwanza ni mshahara waliokuwa wameutaja. Jibu la pili ni aibu. Aibu ya kulalamika nikiwa na kazi, katika nchi ambayo Juni 2014 zaidi ya watu 10,000 walijaa majukwaani Uwanja wa Taifa kusailiwa kwa nafasi 70 za Idara ya Uhamiaji. Picha zile sote tunazikumbuka: vijana wamevaa mashati meupe, wamekaa kama wanaosubiri mechi ya watani. Mtu aliyekaa juani pale akinisikia nikilia kwamba sikufunguliwa kiungo, atanicheka, na sitakuwa na la kumjibu.

Nilikaa na hoja hiyo siku nyingi, kwa sababu ni hoja nzito.

Lakini kila nikizitazama zile picha naona kitu ambacho mimi sikuwa nacho. Wale walionana. Kila mmoja alipogeuza shingo alijua hali ilivyo: tuko hivi, nafasi ni hizi, Mungu atusaidie. Wengine nadhani waliondoka saa sita mchana wakaenda kutafuta riziki nyingine, kwa sababu hesabu ilikuwa mbele ya macho yao. Na nchi nzima iliona, magazeti yakaandika, aibu ikawa ya wote. Mimi nilikuwa chumbani na tochi. Sikujua tuko wangapi, sikujua nafasi ni ngapi, sikujua hata kama nafasi ipo. Nilisifiwa kwa barua pepe, nikaendelea.

Saa moja nzima

Usaili wenyewe ulipangwa saa kumi na moja jioni kwa saa zao, saa kumi na mbili kwa zetu. Barua iliandikwa katikati ya Oktoba. Jumapili ya mwisho ya Oktoba Ulaya walirudisha saa zao nyuma kama wafanyavyo kila mwaka. Sisi huku hatugusi saa, jua letu halina mambo mengi. Kwa hiyo saa kumi na moja yao ikawa saa moja usiku yetu, na hakuna aliyekumbuka kuniambia.

Nikaingia saa kumi na mbili kasoro tano, nimevaa blauzi ya kanisani. Kioo kikaandika: subiri mwenyeji akuruhusu.

Nikasubiri. Kwa wasiojua, huwezi kwenda kukoroga uji ukiwa unasubiri mwenyeji akuruhusu. Anaweza kukuruhusu.

Walipoingia walikuwa wachangamfu, watatu, kila mmoja na kikombe chake. Hawakujua lolote. Nikachangamka nami. Mmoja wao akaniuliza, kwa upole kabisa, ile kazi ya nyumbani niliiandika kwa lugha gani ya programu.

Mstari wa kwanza kabisa wa faili la kwanza ungemwambia.

Kisha wakanipa swali jipya, niandike programu hapohapo wakiniangalia, na nifikiri kwa sauti. Mimi nafikiri kwa Kiswahili. Nikikwama nafikiri kwa Kinyakyusa. Nikaanza kutafsiri mawazo ambayo bado hayajazaliwa, huku macho matatu meupe ya kamera yakinitazama, na kitu nilichokifanya mamia ya mara kikapotea mikononi.

Baadaye, nikitafuta faraja, nikakuta utafiti wa mwaka 2020 wa Chuo Kikuu cha Jimbo la North Carolina na Microsoft. Waliwachukua wanafunzi 48 na swali moja. Baadhi walilijibu ubaoni, msaili amesimama pembeni, wakieleza kwa sauti. Wengine waliachwa chumbani peke yao. Waliotazamwa walifanya vibaya kwa zaidi ya nusu ikilinganishwa na walioachwa peke yao. Wanawake wote waliotazamwa walishindwa. Wanawake wote walioachwa peke yao walifaulu. Wanawake walikuwa wachache katika jaribio lile, na watu wachache hawatoshi kuthibitisha jambo. Nalijua hilo, ninafanya kazi na data. Lakini niliisoma sentensi ile zaidi ya mara moja.

Si kwamba nasema nilionewa kwa sababu ni mwanamke. Wale watatu walikuwa watu wema. Mmoja alinipa kidokezo nilipokwama. Ninachosema ni kwamba kilichopimwa jioni ile ni uwezo wa kuongea Kiingereza mbele ya wageni baada ya kukaa saa moja kwenye kiti, na wakakiita uhandisi.

Kimya

"Tutawasiliana nawe hivi karibuni."

Novemba ikaisha. Nikaandika barua pepe ya kuulizia, fupi, ya heshima. Kimya. Desemba nikaandika nyingine, fupi zaidi. Sikukuu zikapita. Siku moja nikaliona tangazo la nafasi ileile LinkedIn, limewekwa upya kana kwamba mimi sikuwahi kupita duniani.

Kwetu kijana akitaka kuoa, barua ya posa inapelekwa na mshenga. Inapokelewa, inasomwa, ukoo unakaa. Wanaweza kumkataa. Kukataa kuna ustadi wake: binti bado anasoma, baba yake mkubwa yuko safarini, hatuwezi kuamua bila yeye, tumeshapokea barua nyingine kabla ya yenu. Mshenga akirudi na maneno hayo kila mtu anajua maana yake, na kijana anajua aelekeze macho kwingine. Inaweza kuwa uongo mtupu kuanzia mwanzo mpaka mwisho. Lakini ni jibu. Sijawahi kusikia ukoo uliopokea barua, ukamwita kijana nyumbani, ukamwambia afyeke uwanja, apake rangi ukuta, ajieleze mbele ya mashangazi, kisha ukazima simu.

Kukataliwa nakuzoea, nimekataliwa na kampuni nyingi na nyingine zilikuwa na haki. Kinacholemea ni kubaki umesimama uwanjani kwa watu, hujui kama uondoke. Kwa miezi ile nilikataa safari ya kikazi Dodoma nisije nikaitwa. Nilichelewa kulipa ada ya kozi, nikidhani mwajiri mpya ataigharamia. Maisha yangu yalikuwa yameshikiliwa na mtu ambaye hata hakujua kwamba ameyashika.

Barua ya tatu

Rafiki yangu mwanasheria ndiye aliyenigutusha. Nikiwa namlalamikia, akaniuliza: "Hivi taarifa zako bado wanazo?"

Tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Wengi tunaifahamu kwa sababu ofisi zilianza kusajiliwa kwenye Tume inayosimamia sheria hiyo na kubandika matangazo ya faragha. Lakini ndani yake mimi mwenye taarifa nina haki ya kujua wanacho nini changu, kutaka kifutwe kisipokuwa na kazi tena, na kuuliza kama mashine ndiyo iliyoniamulia.

Nikaandika barua ya tatu. Hii sikuulizia kazi. Niliomba nakala ya taarifa zangu zote.

Ilijibiwa kesho yake asubuhi.

Kesho yake! Miezi ya ukimya, na kumbe mashine ya kujibu haikuwa imeharibika, ilikuwa inahitaji ufunguo wa aina nyingine. Nilicheka peke yangu ofisini mpaka mwenzangu akaondoa spika masikioni kuniuliza kuna nini.

Wiki chache baadaye faili likaja. Wasifu wangu. Kazi ya nyumbani, kiungo tu, sehemu ya maoni ya msahihishaji ikiwa tupu. Na ripoti ya ule mtihani wa usiku: uso haukuonekana, mwanga hafifu, mtu wa pili chumbani, kiwango cha shaka cha juu. Chini yake picha ndogondogo zilizochukuliwa na kamera. Moja ni mimi na mwanga wa tochi kidevuni, natisha. Nyingine ni mwanangu, amesimama mlangoni na fulana yake.

Sikuwa nimefikiria kwamba picha yake wanayo.

Mwaka 2018 Joy Buolamwini wa chuo cha MIT, Marekani, na Timnit Gebru, mzaliwa wa Addis Ababa, walipima mifumo mitatu ya kibiashara inayobashiri jinsia kwa kuangalia uso. Kwa wanaume weupe, ule uliokosea zaidi ulikosea asilimia 0.8. Kwa wanawake weusi, uliokosea zaidi ulikosea asilimia 34.7. Mfumo ulionisimamia mimi ni mwingine na kazi yake ni nyingine, na giza la Tabata lilikuwa giza kweli, hilo si kosa la mtu wa Ulaya. Ila nilipoiona picha ya mtoto imeorodheshwa kama ushahidi wa udanganyifu, niliacha kabisa kujiuliza kama nina haki ya kulalamika.

Nikaomba picha hizo zifutwe, nikataka nithibitishiwe kwa maandishi.

Simu ikapigwa siku hiyohiyo. Alikuwa dada wa ajira, yule aliyekuwa akinitumia zile barua za pongezi.

"Habari za kazi, dada."

"Nzuri, dada yangu. Za kwako?"

Akaniambia picha zimefutwa, uthibitisho unakuja. Kisha akanyamaza, halafu akashusha sauti. Nafasi ile ilisimamishwa na makao makuu, alisema, hata kabla sijakutana na wale watatu. Bajeti.

"Sasa mbona mliendelea kunisaili?"

"Tuliambiwa tusifunge. Bajeti ikirudi tuwe na watu tayari."

"Na kunijibu?"

"Ningekujibu nini, dada? Nikikwambia imesimamishwa, nimetoa mambo ya ndani. Nikikwambia hukufaulu, nimekudanganya, na ulifaulu. Nikaona bora ninyamaze."

Hasira yangu yote nilikuwa nimemwekea huyu, na sasa nikakosa pa kuiweka. Alikuwa peke yake kwenye dawati hilo, waombaji wa nchi tatu, mkataba wake mwenyewe wa miezi sita. Kwa upande wake kimya kilikuwa njia ya kutosema uongo.

Namwelewa na sikubaliani naye. Angeniambia binti bado anasoma. Ningeelewa, ningekwenda Dodoma.

Kabla ya kukata simu akaniuliza kama nitapenda waendelee kuwa na wasifu wangu. Nikamwambia ndiyo, kwa masharti: kamera isiingie nyumbani kwangu, na kazi yoyote inayozidi saa mbili ilipwe. Akasema atalifikisha juu.

Maharage

Mwezi uliopita ofisini kwetu Kijitonyama tulihitaji mtu mmoja. Ofisi yetu ni ndogo na hatuna utaratibu wa maana. Bosi alikubali mambo mawili: mtihani ufanyike ofisini kwa saa mbili kwa swali linalotokana na kazi yetu yenyewe, na kila anayekuja arudishiwe nauli. La tatu sikuliomba, nililichukua. Majibu ya waliokosa nitayaandika mimi.

Nilianza jioni nikiwa nimebandika maharage. Kila mtu sentensi mbili au tatu: hukupata, sababu ni hii, asante kwa muda wako. Nilipofika kwa wa mwisho maharage yalikuwa bado kuungwa. Hiyo ndiyo kazi niliyokuwa nadhani makampuni hayaifanyi kwa sababu ni kubwa.

Wengi hawakurudisha neno. Kijana mmoja, ndiyo kwanza amemaliza chuo, aliandika usiku uleule: "Shikamoo dada. Naomba kujua zaidi nilipokosea."

Nikamweleza. Programu yake ilikuwa safi, ila taarifa ya malipo ikifika mara mbili inahesabu pesa mara mbili. Nikampa ule mfano wa duka la dawa.

Asubuhi nikakuta ameituma upya, imerekebishwa, na jaribio ameliandika mwenyewe: taarifa moja imeletwa mara tatu, hesabu imesoma mara moja. Nikaifungua, nikaiendesha. Nikajaribu kuiharibu kwa njia nyingine mbili ninazozijua, moja ikaiangusha, ya pili ikashindwa.

Nafasi ilikuwa imeshajazwa na nikamwambia hivyo. Nikamwambia na ile njia iliyoiangusha. Na kwamba Julai bajeti ikipita tunaongeza mtu, na yeye mtihani hatafanya tena.